Watoto Waliofichwa Siku ya Posa

Mubarak alipanga begi lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma mamake kuliko yote. Hakuna aliyelazimika kumwambia mara mbili. Babake, Abdulmalik, alisimama mlangoni mwa chumba, akakohoa, akazungukazunguka na maneno, akasema wageni wa Ayesha wangefika baada ya adhuhuri, na kwamba watu wakija kuposa huangalia kila kitu, mpaka vidole vya miguu vya watu wa nyumba. Kijana akaelewa kabla baba hajamaliza.

"Haina shida, Baba. Nitaenda kwa rafiki yangu kule Bukura. Kuna kazi ya chuo nilikuwa nimeiacha hata hivyo."

Hakukuwa na kazi yoyote ya chuo. Swaumu, mamake, alilijua hilo, Abdulmalik alilijua, na wote watatu wakakubaliana kimya kimya kwamba ipo. Mubarak alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, macho yake yana umanjano ambao hata miwani haiufichi, na wiki hiyo ndiyo aliyotoka wodini. Ugonjwa wake ni selimundu, ule wa chembe za damu zinazopinda na kukwama mishipani. Akatia begini dawa zake, chupa kubwa ya maji na sweta nzito, ingawa jua la asubuhi lilikuwa kali, maana mvua ya alasiri ikimnyeshea maumivu humwanzia mifupani. "Mniwekee imondo," akasema akitoka. Alikuwa anatania tu, kwa sababu imondo ni firigisi ya kuku, na katika nyumba ya Waluhya firigisi hailiwi na kijana wazee wakiwepo. Swaumu alijaribu kucheka, akashindwa.

Sasa usimhukumu upesi. Najua utasema, mama gani huyu anayemtoa mwanawe nyumbani kama paka aliyedokoa mboga? Ngoja kwanza. Kuna uchovu wa kulima, ambao ukilala unaisha. Na kuna uchovu wa mtu aliyelala kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mtoto, mwaka baada ya mwaka, akaenda kazini na nguo alizolalia. Huo hauishi kwa kulala. Mtu mwenye uchovu kama huo ukimwambia neno lolote lenye harufu ya amani, atalikubali. Swaumu aliambiwa ni saa chache tu, akakubali.

Na la kuchekesha, kama una nguvu za kucheka, ni kwamba alikuwa mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka alisimama mbele ya Kidato cha Nne akafundisha jinsi DNA inavyonakiliwa, na jinsi nakala inavyosomwa ikawa protini, na protini ikawa rangi ya ngozi, au kimo, au damu. Wanafunzi waliyameza maneno hayo, wakayatapika kwenye mtihani, wakaenda zao. Wengine alikutana nao baadaye sokoni wamebeba watoto. Akiwauliza kama walipima damu kabla ya kuoana walimwangalia kwa huruma, kama mtu ambaye chaki imempanda kichwani.

Alikuwa amemuuliza Ayesha pia. Ayesha ni kifungua mimba wake, na tangu utotoni walijua kwamba yeye ni mbebaji, yaani haumwi, lakini anaweza kumrithisha mtoto. "Huyo Ismael wako amepimwa?" Binti alikuwa anapiga pasi, hata hakuinua kichwa. "Mama, kwao wote wazima. Nilimuuliza. Halafu, tafadhali, nimechoka na habari za damu. Nyumba hii hatuongeangi kitu kingine." Lilikuwa neno la haki. Likizo za Ayesha ziliisha wodini, siku zake za kuzaliwa zilikatizwa na homa za ndugu yake, na hakuwahi kulalamika. Swaumu akaona aibu kumharibia hata hili. Akaiacha habari ya kupima.

Kazi ya kuchunguza ukoo waliiachia Senge, kama ilivyo desturi. Senge ni shangazi, dada mkubwa wa Abdulmalik, na kwa watu hawa shangazi asipopitisha posa, haipiti. Mama huyu alizunguka Matungu yote na Mumias yote akiuliza: babu yao nani, bibi zao walitoka wapi, nani alimzaa nani, kuna mchawi wa usiku kwao, kuna mtu aliyejinyonga? Akarudi ameridhika. Koo hazikukutana popote, si kwa baba, si kwa mama, si kwa bibi. Kwa Senge hapo mambo yote yamekwisha, kwa sababu yeye, na wengi huku, huamini kwamba magonjwa ya damu huletwa na watu wa ukoo mmoja kuoana. Damu ikiwa mbali, ni safi. Ukimkumbusha kwamba hata Swaumu na Abdulmalik walitoka koo za mbali na bado wakampata Mubarak, alikuwa na jibu: hiyo ilitoka upande wa Swaumu tu. Abdulmalik alikuwa akilisikia jibu hilo miaka yote, na miaka yote alikuwa akitazama pembeni.

Wageni walifika na magari mawili. Nyumba ya Swaumu na Abdulmalik ilikuwa Shieywe, ndogo, ua wake umefagiliwa mpaka udongo ukalia. Wanaume waliingia kwanza, kofia nyeupe, "Assalaam aleikum," "Waaleikum salaam," viatu vikavuliwa barazani. Mzee Barasa, babake Ismael, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaongoza. Ismael nyuma yake, kijana nadhifu, anatoa jasho. Kisha wanawake, na mbele ya wanawake hao mama wa bwana harusi mtarajiwa, amevaa dera la zambarau lenye shanga shingoni. Swaumu aliinua mkono kumsalimia, na mkono ukabaki hewani.

Alikuwa Mama Raisa.

Hebu nikueleze Mama Raisa ni nani. Kliniki ya selimundu mjini ina benchi refu ukutani, na mabenchi ya hospitali yana desturi yake: hakuna anayekuuliza jina lako, wala la mume wako, wala la mtoto wako mkubwa. Unaitwa kwa mtoto uliyemleta. Basi kwa miaka mingi Swaumu alikuwa Mama Mubarak, na yule aliyeketi kando yake alikuwa Mama Raisa, na hawakuhitaji kujuana zaidi ya hapo. Waligawana machungwa. Waliangaliziana watoto, mmoja akienda dirisha la dawa. Mmoja alilia, mwingine akaendelea kumenya chungwa, kwa kuwa alijua kwamba wakati mwingine hicho ndicho kinachotakiwa. Raisa alikuwa msichana wa kumi na sita, mchekeshaji, mwenye macho yale yale ya manjano. Na nyumbani kwake, huko Mumias, mama huyu aliitwa Zaituni, au Mama Ismael. Swaumu angejuaje?

Wakapeana mikono kama watu wasiojuana. Zaituni aliubana mkono wa mwenzake mpaka pete ikauma.

"Niruhusuni nimsaidie mkwe jikoni," Zaituni akasema sebuleni, na wanaume wakapenda sana. Mzee Barasa alisema, mnaona, hata hawajaoana, akina mama wameshakuwa kitu kimoja.

Jikoni ingokho, kuku wa wageni, ilikuwa inachemka na sufuria ya obusuma, yaani ugali, ilikuwa inangoja maji. Zaituni akafunga mlango, akauegemea.

"Yuko wapi Mubarak?"

"Bukura. Na Raisa?"

"Nyumbani. Ndiye aliyenipigia pasi nguo hii." Akalishika dera lake kifuani, akaliachia. "Aliipiga pasi mpaka mikunjo ikaisha, halafu nikamwambia abaki. Akasema alijua."

Swaumu akapunguza moto, si kwa sababu ulikuwa mkubwa.

"Ismael anabeba?" akauliza, ingawa moyoni alitamani asijibiwe.

"Alipimwa siku ile ile ya Raisa, akiwa mtoto. Anabeba. Mwenyewe hakumbuki. Na Ayesha?"

"Anabeba."

Zaituni akakaa juu ya debe la unga. Hakuhitaji kuelezwa lolote, kwa sababu Swaumu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, pale pale kwenye benchi. Zaituni ni fundi wa madera, anayashonea shanga shingoni, na siku moja alisema, Mwalimu, daktari anaongea mbio, hebu nieleze wewe. Swaumu akamwambia: wewe dukani una karatasi ukutani, si ndiyo, yenye alama za mpangilio wa shanga? Hiyo haitoki ukutani. Ndiyo DNA, iko ndani ya kiini cha seli na haitoki. Msichana wako anainakili kwenye kikaratasi, anakipeleka kwa mtungaji. Hicho kikaratasi ndicho RNA. Mtungaji anasoma alama tatutatu, kila tatu ni ushanga mmoja, anatunga mmoja baada ya mwingine mpaka kamba imekamilika. Kamba hiyo ndiyo protini. Ile ya damu inaitwa himoglobini, ndiyo inayobeba hewa mwilini. Sasa kwa watoto wetu, alama moja tu pale ukutani imekosewa. Moja. Mtungaji hana kosa, hakuna anayelala kazini, msichana ananakili sawasawa, mtungaji anatunga sawasawa, na kosa linatungwa sawasawa pamoja na mengine. Ushanga wa sita unakuwa mwingine. Na huo mwingine unapenda kugandana na wenzake, basi chembe nzima inajikunja kama mundu. "Ushanga mmoja?" Zaituni aliuliza siku hiyo, na akaurudia mpaka walipoitwa ndani. "Ushanga mmoja tu?"

Na karatasi ziko mbili kwa kila mtu, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na moja mbovu, ile nzima inakufunika. Ukiwa na mbovu mbili, ndiyo Raisa, ndiyo Mubarak. Wazazi wawili wabebaji, katika kila mimba, kuna fungu moja kati ya manne la kumpata mgonjwa. Mimba ikija nyingine, hesabu inaanza upya, haikumbuki ya nyuma.

"Tunyamaze," Zaituni akasema.

Swaumu akafunua sufuria, akaifunika tena.

"Fungu moja tu, Mama Mubarak. Matatu ni mazuri. Labda wao Mungu atawapa yale matatu. Ismael wangu hajawahi kufurahi hivi. Wewe hukuchoka? Mimi nimechoka. Nataka siku moja tu nikae kwenye harusi nile, nicheze, mtu asiniulize mgonjwa anaendeleaje."

"Nimechoka," Swaumu akasema. Na ilikuwa kweli tupu. Alitaka kunyamaza kama mtu anavyotaka kukaa chini baada ya njia ndefu. Angenyamaza, angepakua obusuma, Ayesha angecheka, na hesabu ingemngojea mtu mwingine mahali pengine.

"Kati ya Ismael na Raisa nilikuwa na mmoja," Zaituni akasema polepole, kama aliyeulizwa. "Hakufika miaka miwili. Siku zile hata jina la ugonjwa hatukulijua." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sijui kwa nini nakwambia. Nimekuambia tunyamaze."

Sauti ya Senge ikaita kutoka sebuleni. Kwake kuna sheria moja isiyovunjwa: hakuna mkono unaoingia kwenye obusuma kabla maswali hayajakwisha, kwa sababu mtu akishakula cha watu hana tena ulimi wa kukataa. Wakatoka, mmoja nyuma ya mwingine.

Senge alikuwa ameketi wima, leso begani, fimbo magotini ingawa miguu yake ni mizima. Akapitia koo zote mbili kwa sauti, bibi kwa bibi, na kila mahali zilipopishana alitikisa kichwa kwa fahari. Kisha akasema, "Sasa neno la mwisho. Kwenu kumekuwanga na ugonjwa wa ukoo? Kifafa, wazimu, cho chote? Tusikie sasa, tusisikie kwa majirani."

"Hakuna," akasema Mzee Barasa, haraka kidogo.

"Hata kwetu hakuna," akasema Abdulmalik, naye akalitazama zulia.

"Haya. Akina mama?"

Kwa kawaida hapo akina mama husema amina na kwenda kupakua. Zaituni alifungua mdomo, midomo yake ikatafuta neno "hakuna", isilipate. Swaumu alimwona. Alimwona akitafuta, akatambua kwamba amezoea kumwona mwanamke huyu akilia na hajawahi kumwona akidanganya, na kumwona akidanganya kungekuwa kubaya kuliko kumwona akilia.

"Kwetu yupo," Swaumu akasema. "Mwanangu Mubarak ana selimundu. Tumemtoa nyumbani leo asubuhi ili msimwone."

Abdulmalik akatoa sauti ndogo kooni. Senge akaikamata fimbo. Kabla mtu hajasema neno, Zaituni akasema, "Kwetu pia yupo. Binti yangu, Raisa. Ni huo huo. Nimemwacha nyumbani."

Wangegombana sasa hivi, utasema. Wangerushiana maneno, mmetudanganya, ninyi ndio waongo, viatu vingevaliwa. Hata Swaumu alijiandaa kwa hilo. Lakini Mzee Barasa aliangalia huku, akaangalia huku, kisha uso wake wote ukafunguka, akapiga paja lake akacheka.

"Alhamdulillahi! Kumbe! Jamani, na mimi huku nilikuwa nimekaa juu ya miiba, nasema wakijua habari za Raisa watatufukuza na kuku wao hatutamwonja! Kumbe na ninyi mko hivyo hivyo!"

Abdulmalik akainua kichwa. Akaanza kutabasamu, mtu aliyetua mzigo. "Wallahi, Mzee, hata mimi."

"Basi hapa hakuna wa kumcheka mwenzake," Senge akatangaza, na fimbo ikalala tena. "Binti yetu hatasimangwa kwao, mume hatasimangwa kwetu. Ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Na damu ziko mbali, nimechunguza mimi mwenyewe. Mungu ametuchagulia. Leteni chakula."

Wanaume wakapeana mikono. Mtu alisoma dua fupi. Ismael akapumua, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Na wanawake wawili wakabaki wamesimama mlangoni mwa jikoni, ukweli umeshatoka midomoni mwao wote wawili, na umefanya kazi kinyume kabisa na ile waliyoutuma.

Swaumu alikuwa amemaliza nguvu zake zote kwa sentensi mbili, na kumbe hazikutosha, kumbe ilibaki somo zima. Akafikiria, wallahi, akafikiria kuliacha. Si nimesema? Nimesema, hawakuelewa, lawama si yangu. Akamtazama Zaituni, naye Zaituni akamwambia kwa sauti ya chini, ile ya benchi, "Waambie, Mwalimu. Mimi nitakosea."

Akarudi katikati ya sebule.

"Nisikilizeni kidogo kabla ya kula. Nyinyi mmefurahi kwa sababu tumefanana. Hilo ndilo baya. Tungekuwa hatufanani, ningepakua chakula sasa hivi kwa furaha." Hakuwa na ubao, hakuwa na chaki. Akaliomba dera la Zaituni, yaani akamwomba asogee, akawaonyesha shingo lake la shanga, akaanza. Karatasi ukutani. Nakala. Mtungaji. Alama tatutatu. Ushanga wa sita. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu kuni, bila kupanda wala kushuka. Alipofika kwenye karatasi mbili, ya baba na ya mama, alimtazama mumewe.

"Mubarak hakuipata kwangu peke yangu. Kutoka kwangu ilitoka moja. Ya pili ilitoka kwa Abdulmalik. Bila hiyo ya pili asingeumwa. Nimesikia mengine katika nyumba hii miaka mingi, na sikujibu."

Abdulmalik alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, si kwa mtu yeyote hasa, "Ni kweli. Daktari aliniambia zamani." Senge akamgeukia ndugu yake polepole sana.

"Lakini koo," Senge akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya bibi mzee. "Koo ziko mbali. Nimetembea kwa miguu hii."

"Umetembea vizuri, Senge. Ila alama hii haikuja kwa njia ya ukoo mmoja. Inabaki huku kwetu kwa ajili ya malaria. Aliye na karatasi moja mbovu, malaria haimuui upesi akiwa mtoto, basi anaishi, anazaa, anairithisha. Na mbu hakuuliza mtu ukoo wake. Alipita kila boma. Ayesha anayo moja. Ismael anayo moja. Kila mimba watakayopata itaingia kwenye bahati nasibu hiyo hiyo tuliyoingia sisi. Sisemi wasioane. Nasema wasioane bila kujua."

"Mimi ninayo?" Ismael akauliza. Alikuwa amemgeukia mamake, na Zaituni akaitika kwa kichwa.

Mzee Barasa alijaribu kulisukuma jambo mbele kama gari lililokwama. Mungu ndiye anayetoa, akasema. Fungu moja kati ya manne si kitu, yeye analima miwa na miwa ina hasara kubwa kuliko hiyo. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Hapo pazia la chumba cha ndani likasogea, akatoka Ayesha.

Desturi haimruhusu atoke kabla hajaitwa. Alikuwa ametiwa hina mikononi na amevalishwa buibui jipya, na alikuwa amesikia yote. Hakuwatazama wazee. Alikwenda akasimama mbele ya Ismael.

"Una dada?"

"Ninaye."

"Nilikuuliza kama kwenu kuna mgonjwa, ukaniambia wote wazima."

"Niliogopa utaondoka." Akamwangalia. "Na wewe uliniambia Mubarak haonekani sababu ya masomo tu."

"Nilisema hivyo." Akaitazama hina mikononi. "Nilisema hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa ananipigia simu kutoka wodini kuniuliza kama unanitunza vizuri."

"Ayesha, mimi nakupenda," Ismael akasema, mbele ya babake, mbele ya Senge, mbele ya watu wote, jambo lisilosemwa katika kikao kama hicho. "Tunaweza kuoana tusizae. Au tuzae, tukimpata mgonjwa tumtibu. Watu wanaishi nao. Raisa anaishi."

"Najua wanaishi. Mimi nimekua pamoja na mmoja. Na hata mimi nakupenda, tena sana, sitakudanganya tena." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu ya hina. "Kuumwa siogopi, Ismael. Kuumwa nimekuzoea tangu niko mdogo. Lakini tutazame sisi. Hata hatujaoana, na tayari kila nyumba imemtoa mtu nje ili tupendeze. Huyo mtoto wetu, siku wageni wakija, tutampeleka wapi?"

Mzee Barasa alikuwa anazichezea tasbihi zake. Ayesha akavua pete ya uchumba aliyopewa na Ismael kabla ya posa, polepole kwa sababu kidole kilikuwa kimevimba kwa joto, akaiweka kwenye kiganja cha Ismael na kukikunja kiganja hicho kwa mikono yake miwili. Hakuna aliyemzuia, hata Senge.

Zaituni alikuwa ameanza kulia bila sauti, na Swaumu akamshika mkono. Alikuwa amelifundisha somo hili nusu ya maisha yake, na hakuwahi kumwona mwanafunzi akilielewa mpaka mwisho namna hii. Alitamani, kwa moyo wake wote, Ayesha angekuwa mmoja wa wale wanaosahau.